Anayelalamika na bado ananunua si mnafiki

Bwana Mhariri,

Katika toleo lenu la wiki jana msomaji mmoja wa mtaa wa Kamalondo aliandika kwamba sisi watu wa Lubumbashi, hapa Kongo, ni wanafiki. Anasema asubuhi tunakaa ndani ya basi tukiyasema maduka makubwa yenye matawi: mkate wao ni hewa tupu, walinzi wao wanatukazia macho kama wezi, vijana wanaowafanyia kazi wanalipwa kidogo. Jioni tunashuka kwenye basi lile lile na mifuko yao mkononi. Majina ya maduka hakuyataja, nami sitayataja. Nimeisoma barua yake mara mbili, mara ya pili kwa sauti mbele ya mwanangu, na nimeona nisinyamaze, kwa sababu mimi nimekaa upande wa pili wa meza. Nauza unga wa mahindi, mafuta, chumvi na sabuni katika soko dogo la mtaa wetu hapa Katuba, tangu mwaka 2004. Hao anaowaita wanafiki ni wateja wangu. Wengine walikuwa wateja wangu.

Mwanangu anasoma uchumi Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Aliposikia barua ile aliniambia kuwa yule msomaji ana mtu mkubwa nyuma yake, hata kama hamjui. Mwaka 1938 Mmarekani aitwaye Paul Samuelson, ambaye baadaye, mwaka 1970, alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, alitoa hoja ambayo kwa maneno mepesi ni hii: ukitaka kujua mtu anapendelea nini, tazama anachochagua kununua. Kisha mwanangu akanipa mfano wa Walmart ya huko Marekani. Duka lao la kwanza lilifunguliwa mwaka 1962 katika mji mdogo wa Rogers, jimbo la Arkansas. Kwa miaka mingi Wamarekani wameilaumu kampuni hiyo kwamba mishahara yake ni midogo na kwamba maduka ya wenyeji yamefungwa kwa sababu yake, lakini kampuni yenyewe inasema Wamarekani tisa kati ya kumi wanaishi ndani ya kilometa 16 hivi kutoka duka lake moja. Na wanaingia.

Nikamwuliza: sawa baba, lakini huyo mnunuzi alikuwa amewekewa nini kingine mbele yake? Kama duka la jirani limekwisha kufungwa na lile kubwa ndilo lililo karibu, ulitaka aende wapi? Alifikiri kidogo, akasema hata Samuelson analihesabu hilo, kwamba mtu huchagua ndani ya kile ambacho pesa yake inafikia. Basi hapo tukapatana. Mfuko wa mtu unasema kweli, lakini unajibu tu swali ulioulizwa. Haukuulizwa kama unawapenda walinzi wa mlangoni. Umeulizwa watoto watakula nini leo, kwa pesa hii, saa hii.

Sasa nieleze kwa nini nilipoteza wateja. Nitalisema la kwangu kwanza.

Unga tunaupima kwa meka. Kwa wasomaji wenu walio mbali, meka ni kopo letu la kupimia unga, na mtu wa Lubumbashi akisema bei ya maisha imepanda mara nyingi anasema bei ya meka imepanda, kwa sababu bila unga hakuna bukari, ugali wetu, na bila bukari nyumba haijala. Zamani nilinunua meka mbili kwa fundi bati pale soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi. Moja ilikuwa na kitako kilichogongwa kwa nyundo kikaingia ndani. Kwa nje huoni kitu. Ukiweka mkono ndani unakuta kilima kidogo, kama kifuniko cha sufuria kilichopinduliwa. Wote tulizijua meka hizo, na tulikuwa na neno la kujitetea: gunia lenyewe tunalipokea likiwa pungufu, usafiri ghali, ushuru wa soko kila siku. Na juu ya meka tuliweka matabishi, kiganja kimoja cha unga cha nyongeza, mteja akafurahi. Kile kiganja kilikuwa kidogo kuliko kilima cha chini.

Siku moja, ilikuwa saa kumi jioni, mtoto wa kike wa miaka minane hivi alikuja na mfuko wa unga niliomuuzia mama yake asubuhi. Alikuwa ameukumbatia kwa mikono miwili, na nywele zake upande mmoja zilikuwa zimesukwa na upande mwingine bado, maana yake mama alimtuma katikati ya kumsuka. Akauweka juu ya meza yangu akasema: "Shikamoo Mama. Mama anasema upime tena." Hakusema kingine. Pale walikuwepo wateja watatu. Sikuweza kuchukua meka ile ile mbele ya macho ya mtoto, nikachukua ya pili, ile nzima. Nikamimina unga polepole, ukaisha kabla ya kufika ukingoni. Pengo lilikuwa la vidole viwili. Mtoto akatazama ndani ya kopo, akanitazama mimi, wala hakuwa na hasira. Nilijaza pengo lile, nikaongeza viganja vitatu, na mikono yangu ilitetemeka.

Mama yule alikuwa na mizani ndogo ya jikoni. Aliinunua katika duka kubwa, hilo hilo tunalolisema kwenye basi. Tangu siku ile unga wake anaununua kule, katika mfuko uliofungwa na kuandikwa kilo. Nikikutana naye kanisani ananisalimia vizuri, na bado analalamika kwamba kule unga ni ghali na wanamchunguza mfuko akitoka. Je, huyo ni mnafiki? Huyo ni mtu aliyepunjwa na jirani yake, akaona afadhali agandamizwe na mtu asiyemjua. Meka ile ya kitako niliipeleka nyumbani, nikaitoboa, nikapandia vitunguu majani. Lakini wateja hawarudi kwa kuwa umetoboa kopo nyumbani kwako.

Jambo la pili ni deni, na hili sijaona mtu akiliandika.

Sisi wauzaji wadogo tunajisifu kwamba tunakopesha na duka kubwa halikopeshi. Ni kweli. Nina daftari la mistari, la tano sasa, limejaa majina. Mume wangu alikuwa mmoja wa wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, walioacha kazi katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari ulioanza mwaka 2003, na sehemu ya pesa aliyopata ndiyo ilinunua magunia yangu sita ya kwanza. Mtaa wote ulikuwa na watu wa hali kama yetu. Ungewezaje kumkatalia unga mke wa mtu aliyeshuka shimoni na mumeo? Nilikopesha. Nilidhani ninafunga wateja kwangu kwa kamba ya wema.

Kumbe deni linamfukuza mtu. Jirani yangu mmoja, nyumba ya nne kutoka kwangu, alifikia franka 14,000. Si pesa nyingi. Lakini mshahara wa mumewe ulichelewa, akaona haya kupita mbele ya meza yangu. Akaanza kuzungukia barabara ya nyuma, ile yenye mfereji, hata wakati wa mvua. Akipata pesa kidogo, franka 5,000 tuseme, hawezi kuja kununua sabuni kwangu kwa pesa taslimu wakati daftari lina jina lake. Angenipa zote na kurudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo anapanda basi anakwenda duka kubwa, analipa nauli juu yake, ananunua sabuni na mkate, halafu anarudi na kusema mkate ni hewa. Mkate ni hewa kweli! Lakini kule hakuna anayemjua jina. Hakuna anayehesabu kwamba juzi alinunua sukari nusu na leo robo. Hakuna wa kumwuliza mbele ya watu, "Mama, na lile letu?"

Nililigundua hilo nilipougua malaria na binti yangu akakaa mezani wiki moja. Yule jirani alikuja siku ya pili. Alinunua vitu vingi, akalipa papo hapo. Binti yangu hakujua kilichokuwa daftarini. Niliposikia nililia, kwa kuwa tumesali pamoja miaka kumi na mitano na sikuwahi kufikiri kwamba uso wangu ndio uliokuwa umemfungia njia.

Bwana Mhariri, nisieleweke kwamba nayatetea yale maduka makubwa. Watu wanapolalamika wanasema kweli, na mimi ninalalamika pamoja nao. Binti yangu huyo huyo alifanya kazi kwenye duka moja la namna hiyo, kwenye kasha la pesa, miezi saba. Alisimama tangu asubuhi mpaka jioni kwa mkataba wa kibarua ulioandikwa upya kila mwezi, ili asihesabiwe kuwa mfanyakazi wa kudumu. Pesa ikipungua kwenye hesabu inakatwa kwake. Droo ikikosa noti ndogo anaambiwa awape wateja bombo, yaani pipi, badala ya baki, na mteja akikasirika, anayetukanwa ni yeye, si mwenye duka. Kuna baba mmoja alimrushia zile pipi usoni. Aliporudi nyumbani usiku ule alikuwa nazo mfukoni, mbili, ameziokota sakafuni kwa sababu nazo zinahesabiwa.

Na ule ukaguzi wa mlangoni: umelipa, una risiti, lakini mlinzi anakushika mfuko, anatoa kitu kimoja kimoja mbele ya watu, nguo za ndani za mtoto, dawa, kila kitu, ndipo anakupigia muhuri. Mimi nimefanyiwa. Noti ya dola yenye mchaniko mdogo kama unywele wanairudisha, nawe umeshapanga mstari nusu saa. Ingawa hapo lazima niseme kweli, sokoni pia tunairudisha.

Kwa hiyo mtu anaweza kuchukia mambo hayo yote kwa moyo wake wote, na bado akaingia. Anachochukia ni namna anavyotendewa. Anachonunua ni uhakika. Kule bei imeandikwa. Aliyevaa suti na aliyevaa kandambili wanalipa sawa, wakati sokoni bei yangu ya zamani ilikuwa inatazama viatu kwanza. Kule samaki amekaa kwenye barafu kwa kuwa wana jenereta, na hapa kwetu umeme ukikatika tangu saa sita mchana, yule mama muuza samaki meza ya pili hana njia ila kumwaga maji na kumuuza kwa bei ya kutupa kabla ya magharibi. Watumishi wa serikali walianza kulipwa kupitia benki kuanzia mwaka 2011, na mwenye kadi mkononi hana cha kuifanyia mbele ya meza yangu. (Siku hizi napokea pesa kwa simu, imesaidia kidogo.)

Agosti 2024 Zambia ilipofunga mipaka yake nasi kwa siku chache, baada ya serikali yetu kuzuia bia na vinywaji baridi kuingizwa nchini, malori yalisimama Kasumbalesa mpakani na hofu ikaingia sokoni, kwa kuwa kila mtu hapa anajua mahindi yetu mengi yanapita wapi. Kwetu bei ya meka ilibadilika asubuhi, ikabadilika tena mchana. Mimi pia nilipandisha, maana aliyeniuzia gunia alipandisha. Mteja mmoja akaniambia kwa upole kwamba kule dukani bei iliyobandikwa Ijumaa ilikuwa ile ile Jumatatu. Najua wana ghala na wana mtaji wa kungoja siku tatu, na mimi mtaji wangu uko wote juu ya meza unauona kwa macho. Lakini mama mwenye watoto watano hawezi kulisha watoto maelezo yangu.

Baba mkwe wangu, marehemu, alikulia katika kambi ya mgodi wakati wa Wabelgiji. Alikuwa akisimulia jinsi baba zao walivyougombea unga wa posho: una mchanga, una wadudu, ni wa mwaka juzi. Kila wiki waliulalamikia, na kila wiki walipanga mstari kuupokea. Hakuna aliyewaambia kwamba mkiupokea basi mnaupenda. Nawaza, msomaji wa Kamalondo angekuwepo siku zile asingeweza kuandika alichoandika, kwa sababu angeuona ukuta uliowazunguka. Wa leo hauonekani. Umejengwa kwa vitu vidogo: meka yenye kilima, daftari la madeni, umeme, nauli, noti ndogo zisizopatikana.

Sisemi wote wako hivyo. Wapo wanaopenda kubeba mfuko wa duka kubwa ili jirani aone, hilo nalijua, na vijana wanaokwenda pale kwa ajili ya baridi na muziki. Siwahukumu. Lakini si hao wanaojaza yale maduka mwisho wa mwezi.

Nimwambie pia yule msomaji wa Kamalondo kilichofanyika kwetu, kwa sababu katika barua yake amependekeza tuwasuse wenye maduka. Kususa ni kwa mwenye mahali pengine pa kwenda, na mahali hapo ni sisi tuliopaswa kupatengeneza. Mwaka jana tulikaa wanawake watano wa safu yetu, mwenye unga, mwenye maharage, mwenye ndagala, mwenye sukari na mwenye mchele. Tulichangishana kwa zamu ya likelemba, upatu wetu, na zamu ya kwanza haikwenda kwa mtu, ilinunua mizani. Ni mizani ya saa, yenye mshale mwekundu, inapima mpaka kilo ishirini. Ilituletea ugomvi. Wenzetu wa safu ya pili walisema tunawachafulia jina, kwamba sasa mteja anawauliza na wao. Mmoja alikuja kuigeuza mshale usiku, tukamkuta mlinzi wa soko akibishana naye, tukaimaliza kwa maneno. Wiki mbili za kwanza niliuza hasara, kwa kuwa nilikuwa nimezoea kuishi kwa kile kilima cha chini ya kopo bila kukubali mwenyewe kwamba ninaishi kwacho. Nikapandisha bei ya kilo kwa franka chache, nikaiandika kwa chaki kwenye kibao, wazi. Nilidhani watakimbia. Wengine walikimbia. Waliobaki hawabishani tena bei, wala mimi sitazami viatu vya mtu.

Na daftari. Mwezi wa Januari nilimtuma binti yangu nyumba ya nne na ujumbe kwamba zile franka 14,000 nimezifuta, apite njia ya mbele. Hakuja wiki ile. Alikuja baada ya mwezi, asubuhi na mapema kabla ya watu kujaa, akanunua unga akalipa, kisha akaweka franka 2,000 pembeni ya mizani na kusema, "Hizi ni za zile, Mama, usinikatalie." Sikumkatalia. Ameshaleta mara nne. Mkate bado anaununua kule, kwa kuwa mimi siuzi mkate, na bado anausema vibaya kila anapopita.

Ninachoomba gazeti lenu, badala ya kuendelea na barua za kutuita wanafiki, ni kumtuma mwandishi azunguke masoko ya Katuba, Kenya na Ruashi akahesabu ni mangapi yana mizani ya umma ambapo mnunuzi anaweza kupima tena alichonunua bila kugombana na mtu. Aulize ushuru tunaolipa kila siku umenunua nini. Aulize pia wenye maduka makubwa kwa nini binti zetu wanasimama siku nzima bila kiti, na kwa nini baki inalipwa kwa bombo. Maswali hayo yaende pande zote mbili siku moja.

Yule msomaji wa Kamalondo namkaribisha. Mizani yetu iko safu ya tatu, karibu na jiko la makala la mama wa kuchoma ndizi. Juzi mteja alikuja na mfuko wa unga alioununua dukani, ule uliofungwa na kuandikwa kilo tano, akaomba tu kujua. Tukauweka juu, mshale ukacheza, ukatulia. Ulikuwa kilo tano kamili. Nilimwambia hivyo hivyo, kilo tano kamili, akashukuru, akaenda zake.

Mama muuza unga,
Katuba, Lubumbashi